Flaiwili ya Vipande Viwili: Ibaki au Itolewe?

Pikapu ya dizeli ya gia za mkono imesimama mbele ya gereji, injini inanguruma, gia iko frii. Chini ya sakafu, usawa wa miguu ya dereva, vyuma vinagongana bila kupumzika. Dereva akikanyaga klachi, mlio unakatika. Akiiachia, unarudi. Akizima injini, gari zima linajitikisa mara moja ndipo litulie. Fundi mzoefu hahitaji kusikiliza zaidi ya hapo. Mawazo yake yanakwenda moja kwa moja kwenye flaiwili. Kisha inatajwa bei ya spea, na mazungumzo yanakuwa marefu. Mpya ya aina ile ile iliyokuja na gari inauzwa mara kadhaa ya bei ya flaiwili ya kawaida. Lakini ipo njia nyingine, fundi anaongeza: itolewe hiyo ya vipande viwili, ifungwe ya kipande kimoja, chuma kitupu kisicho na cha kuvunjika ndani.

Wenye Peugeot 504, Datsun 1200 na Land Rover za zamani hawakuwahi kuletewa hoja hiyo. Flaiwili zao zilikuwa za kipande kimoja, na zilipopata michirizi zilipelekwa kuchongwa, mchezo ukaisha. Wenye magari ya otomatiki ya kawaida, ambayo ndiyo mengi kati ya yanayoshushwa kutoka Japani katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa, nao wanaweza kupumua. Kati ya injini na giaboksi zao nguvu hupita kwenye kimiminika, na mahali pa flaiwili nzito pana sahani nyembamba tu. Suala hili ni la wenye pikapu na vani za dizeli za gia za mkono, Land Rover za tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na magari madogo ya Ulaya yenye turbo. Idadi yao inaongezeka. Kenya, kwa mfano, hairuhusu kuingiza gari lililotumika likishazidi miaka 8, kwa hiyo yanayofika ni ya kizazi ambacho watengenezaji walishapunguza ukubwa wa injini na kuziongezea nguvu. Huko kupunguza na kuongeza ndiko kulikoieneza flaiwili ya vipande viwili.

Flaiwili yoyote ni sahani nzito iliyofungwa kwa boliti nyuma ya krenkishafti. Meno ya ukingoni mwake ndiyo stata huyashika kuwasha injini. Uso wake laini ndio pleti ya klachi hubanwa juu yake. Na uzito wake ndio unaoivusha injini kutoka mlipuko mmoja hadi mwingine. Injini ya silinda nne hulipua mafuta mara mbili katika kila mzunguko wa krenki, kwa hiyo ikiwa kwenye sailensa, yaani ikizunguka bila kukanyagwa mafuta, kwa mizunguko 800 kwa dakika, hiyo ni milipuko 1,600, karibu 27 kila sekunde. Kila mlipuko unaisukuma krenki kwa nguvu. Mara tu baada ya hapo krenki inapungua mwendo kwa sababu pistoni nyingine inabana hewa. Mzunguko unaoonekana laini kwa macho kumbe ni mfululizo wa kusukumwa na kuzuiwa. Uzito wa flaiwili unapunguza jambo hilo, hauliondoi. Kinachobaki kinapita kwenye klachi na kuingia giaboksi.

Humo ndani gia ambazo dereva hajaziingiza zinazunguka zikiwa huru, na kati ya jino na jino mna nafasi ndogo. Mtetemo ukifika, meno hayo yanapigana, na huo ndio mlio unaosikika gari likiwa frii. Kwa miaka mingi dawa yake ilikuwa springi chache zilizowekwa katikati ya pleti ya klachi. Springi hizo zinaruhusu pleti ijipinde nyuzi chache na kumeza sehemu ya mshtuko. Kwa injini za wakati huo zilitosha.

Chukua injini mbili zinazojulikana barabarani. Ya kwanza ni 1HZ, ambayo tangu 1990 imebeba Land Cruiser za mashirika ya misaada na za watalii. Ina lita 4.2, silinda sita, haina turbo, na nguvu yake ya kuzungusha hufikia nyutoni-mita 285 hivi. Ya pili ni YD25 ya Nissan Navara D40 iliyoingia sokoni 2005: lita 2.5 tu, silinda nne, turbo, dizeli inayorushwa kwa shinikizo kubwa, na nyutoni-mita 403. Ile ya kwanza inagawa kazi yake kwa milipuko mitatu kila mzunguko, hii ya pili kwa milipuko miwili. Ukipiga hesabu, zote zikiwa zimekamuliwa hadi mwisho, kila mlipuko wa Navara unabeba kazi zaidi ya mara mbili ya mlipuko wa 1HZ. Na Navara inafanya hivyo kwenye mizunguko 2,000 tu kwa dakika, pale ambapo mapengo kati ya mlipuko na mlipuko bado ni marefu. Haishangazi kwamba Land Cruiser hiyo ina flaiwili ya kipande kimoja na Navara ina ya vipande viwili. Anayesema Wajapani wa Nissan waliweka kifaa hicho ili wauze spea anaipita hesabu hii bila kuitazama.

Kampuni ya LuK ya mjini Bühl, Ujerumani, ambayo leo iko chini ya kundi la Schaeffler, ilianza kuzalisha flaiwili hizi kwa wingi mwaka 1985. Wazo lake ni jepesi kulieleza. Badala ya sahani moja nzito, kuna mbili. Ya mbele imefungwa kwenye krenki na ndiyo yenye meno ya stata. Ya nyuma ndiyo klachi hukaa juu yake. Katikati yake mna mfereji wa mviringo uliojazwa grisi, na ndani ya mfereji huo zimelala springi ndefu zilizopindwa kufuata duara. Sahani ya mbele inapokea kila pigo la injini; springi zinajibana na kujiachia; sahani ya nyuma inazunguka karibu kwa utulivu. Springi za katikati ya pleti hujipinda nyuzi chache, hizi zinaweza kujipinda kwa makumi ya nyuzi.

Siri yake kubwa, hata hivyo, haimo kwenye ulaini wa springi peke yake. Imo katika kugawa uzito. Kitu chochote chenye uzito na springi kina mdundo wake, na ukikisukuma kwa mdundo huo huo kinazidi kuruka, kama mtoto kwenye bembea anayesukumwa kila anaporudi. Kwa flaiwili ya kipande kimoja na pleti ya springi, mdundo huo wa hatari huangukia kwenye mwendo wa kawaida wa kuendesha, mizunguko elfu moja na mia kadhaa hadi elfu mbili na ushei, pale pale dereva anapokaa siku nzima. Uzito mwingine unapohamishiwa upande wa giaboksi, nyuma ya springi laini, mdundo unashuka hadi chini ya sailensa. Injini inaupita mara mbili tu: inapowashwa na inapozimwa. Ndiyo maana flaiwili ya vipande viwili iliyochoka hujitangaza nyakati hizo mbili, kwa kutikisa gari kabla injini haijashika au wakati inapokata roho.

Porsche inaweza kumsaidia msomaji kuona kwamba hata kiwandani uamuzi huu hauna jibu moja. Gari lake la 911 aina ya 964, lililoanza kuuzwa 1989, lilikuja na flaiwili ya vipande viwili iliyotumia mpira badala ya springi, kutoka kampuni ya Freudenberg. Mpira huo ulichoka mapema, na baadaye Porsche ikahamia kwenye flaiwili ya LuK yenye springi za chuma. Lakini 911 RS ya 1992, gari la wale wanaotaka ushindani zaidi ya starehe, lilipewa flaiwili ya kipande kimoja, tena nyepesi. Injini ilipanda mizunguko kwa wepesi zaidi. Ikazima kirahisi pia wakati wa kuondoka, na giaboksi ikawa inapiga kelele gari likisimama. Kiwanda kimoja, gari moja, majibu mawili, kwa sababu wanunuzi walikuwa wa aina mbili.

Mwenye pikapu ya kubeba saruji kutoka mjini hadi kijijini si mnunuzi wa aina yoyote kati ya hizo. Kwake swali la kwanza linapaswa kuwa: hii iliyokufa, iliuawa na nini?

Flaiwili ya vipande viwili haifi kwa uzee peke yake. Si ajabu gari moja kuvuka kilomita 200,000 na flaiwili yake ya kwanza, na jingine la aina ile ile kuimaliza kabla ya kufika 100,000. Tofauti mara nyingi iko kwa dereva, mzigo, na vitu vingine vya gari ambavyo hakuna aliyevitazama. Dereva anayetaka kubana mafuta anaingiza gia ya tano kwenye mwendo wa kilomita 40 kwa saa, kisha anakanyaga mafuta akiwa kwenye kilima. Injini inalalamika, mizunguko iko chini, kila mlipuko ni pigo zito, na springi zinabanwa hadi mwisho wa mfereji. Nozeli moja iliyochoka inafanya silinda moja isukume kwa udhaifu kuliko nyingine, na mtetemo unaotokea hauishi mchana kutwa. Betri dhaifu au stata iliyochoka inaizungusha injini polepole, kwa hiyo ule mdundo wa hatari, ambao ungepitwa kwa kufumba na kufumbua, unakaa sekunde kadhaa kila asubuhi. Halafu kuna waliochezea kompyuta ya injini ili kuongeza nguvu. Flaiwili ilitengenezwa kwa nguvu iliyotangazwa na kiwanda, haikuambiwa habari za nyongeza.

Joto ni adui mwingine. Dereva anayeshikilia gari mlimani kwa klachi badala ya breki, au anayevuta trela kwa kuteleza klachi, anaipasha sahani ya nyuma hadi inabadilika rangi na kuwa ya bluu. Grisi ndani inayeyuka na kuvuja, na springi zinabaki zikisuguana kavu. Fundi akishusha giaboksi akakuta grisi nyeusi imerushwa ndani ya nyumba ya klachi, habari hiyo tayari inatosha.

Basi mtu akibadilisha flaiwili na kuiacha nozeli mbovu, betri dhaifu na tabia ya gia ya tano kwenye kilima, atarudi gereji. Na akifunga ya kipande kimoja bila kutengeneza hayo, flaiwili haitarudi, ni kweli, lakini mapigo yale yale sasa yatakwenda kwenye beringi za giaboksi.

Kabla ya kuihukumu flaiwili pia inafaa kuwa na uhakika. Mlio unaokatika klachi inapokanyagwa unaweza kutoka kwenye flaiwili, lakini beringi ya shafti inayoingia giaboksi ikichakaa nayo inanyamaza vivyo hivyo, kwa sababu klachi ikikanyagwa shafti hiyo inasimama. Mlio unaoanza klachi inapokanyagwa, huo kwa kawaida ni wa beringi ya klachi yenyewe. Flaiwili ikishatolewa, fundi huishika mezani kwa mikono miwili na kuizungusha sahani ya nyuma kulia na kushoto. Hapa ndipo flaiwili nyingi nzima zinapotupwa. Kuzunguka kidogo ni kazi yake, ndivyo ilivyoundwa. Kinachopimwa ni kiasi gani inazunguka kabla springi hazijaanza kuzuia, na kiasi gani inayumba mbele na nyuma. Kila mtengenezaji hutoa vipimo, vya kwanza kwa nyuzi au idadi ya meno ya ukingoni, vya pili kwa milimita. Fundi asiyevijua vipimo hivyo kwa gari lililo mbele yake anakisia. Springi iliyovunjika, kwa upande wake, haihitaji kipimo: sahani inazunguka kwa mkwaruzo na kugonga chuma kwa chuma.

Ikithibitika imekufa, njia zilizo mezani si mbili kama wengi wanavyodhani.

Ipo ya kuchomelea. Wapo mafundi wanaozishika sahani mbili na kuziunganisha kwa moto wa welding ili ziwe kipande kimoja, na mteja analipa pesa kidogo sana. Hii ikataliwe bila mjadala. Chuma cha sahani hizo hakipokei kuchomelewa vizuri, grisi iliyomo inaungua, na uwiano wa uzito unapotea kwenye kitu kizito kinachozunguka maelfu ya mara kwa dakika karibu na miguu ya watu.

Ipo ya mtumba, iliyotolewa kwenye gari lililokatwa Japani, Uingereza au Sharjah. Kwa vifaa vingi vya gari mtumba ni ununuzi wa busara, na maduka ya Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi yamewaokoa wengi. Kwa kifaa hiki ni bahati nasibu. Uchakavu wake umefichwa ndani ya mfereji uliofungwa, na anayenunua hajui ilitembea kilomita ngapi wala ilianguka mara ngapi njiani. LuK wenyewe wanaagiza kwamba flaiwili ya vipande viwili iliyoangushwa chini isifungwe. Wanakataza pia kuchonga uso wake au kuiosha kwa mashine ya maji ya kasi na viyeyusho, mambo ambayo kwenye flaiwili ya kipande kimoja ni ya kawaida kabisa. Muuzaji aliyeiosha ikang'aa huenda amemaliza kuiharibu.

Kisha kuna mpya ya aina ile ile, na kuna kubadilisha kwenda kipande kimoja. Hizi mbili ndizo zinazostahili kubishaniwa.

Kubadilisha kwa njia sahihi si kununua flaiwili tu. Magari mengi yaliyoundwa na flaiwili ya vipande viwili yana pleti ya klachi isiyo na springi katikati, kwa kuwa kazi ya springi ilishafanywa ndani ya flaiwili. Fundi akifunga flaiwili ya kipande kimoja na kurudisha pleti ile ile, gari linabaki bila springi hata moja kati ya krenki na giaboksi. Linatembea. Linaweza kutembea miezi. Lakini kila mlipuko unafika kwenye meno ya gia mbichi kama ulivyo, na kosa hili ndilo lililoipa flaiwili ya kipande kimoja jina baya kuliko inavyostahili. Pleti inayofaa inaonekana kwa macho: katikati yake, kuzunguka tundu la shafti, kuna springi nene zilizolala kwenye madirisha yake. Kampuni ya Valeo ya Ufaransa huuza seti iitwayo 4KKit yenye vitu vinne, yaani flaiwili ya kipande kimoja, pleti yenye springi zinazojipinda zaidi ya za kawaida, presha pleti na beringi ya klachi. Exedy ya Japani nayo ina seti za namna hiyo kwa baadhi ya pikapu na magari ya nje ya lami, Navara na Patrol zikiwamo. Vitu hivyo vinne vimepangwa vifanye kazi pamoja. Kuchanganya kimoja cha huku na kimoja cha kule kunaondoa sababu ya kuvinunua.

Hata seti iliyokamilika ina gharama yake, na anayeuza huwa haitaji. Sailensa itakuwa na mlio wa giaboksi ambao haukuwapo. Kwenye mizunguko ya chini kutakuwa na mngurumo unaoingia hadi kwenye usukani na viti. Katika magari mengine, kompyuta hupima mwendo wa krenki ili kugundua silinda isiyolipua vizuri, na ikiona mwendo umebadilika tabia inaweza kuwasha taa ya injini. Mwishoni kuna giaboksi yenyewe. Springi za pleti, hata ndefu, hazifikii za flaiwili, kwa hiyo mtetemo unaopita ni mkubwa kuliko ule ambao baadhi ya giaboksi ziliundwa kuupokea. Wanaotengeneza flaiwili za vipande viwili husema hivyo kila wanapopata nafasi, na ni kweli wana biashara ya kuilinda. Wauza seti za kubadilisha nao wana ya kwao.

Njia nzuri ya kuamua kati yao ni kuitazama giaboksi ya gari husika na kuuliza iliwahi kuishi na nini. Land Rover Defender inatoa mfano mzuri kuliko gari lolote. Defender ya 300Tdi, iliyotengenezwa kuanzia 1994, ina silinda nne, nyutoni-mita 265, flaiwili ya kipande kimoja, na giaboksi ya R380. Iliyoifuata mwaka 1998, Td5, ina silinda tano, nyutoni-mita 300, flaiwili ya vipande viwili, na giaboksi ni R380 ile ile. Hesabu ya milipuko inaonyesha jambo la kufurahisha: kwa kuwa Td5 inagawa kazi yake kwa milipuko miwili na nusu kila mzunguko, pigo moja lake ni dogo kidogo kuliko la 300Tdi. Kwa maneno mengine, giaboksi hiyo ilishavumilia mapigo makubwa zaidi ikiwa na chuma kitupu mbele yake, kwa miaka, na R380 za 300Tdi bado zinatembea hadi leo. Mwenye Td5 ya kazi, anayeishi mbali na mji na asiyejali kelele, ana hoja nzito ya kubadilisha.

Hoja hiyo haihamii kwa Navara. Giaboksi yake ilipangwa tangu mwanzo kuishi nyuma ya flaiwili ya vipande viwili na injini ya nyutoni-mita 403. Wengi wamebadilisha, Australia hasa, na wengi wanaendelea vizuri. Lakini pikapu hiyo ikiwa ya familia au ya safari ndefu za lami, pesa ya flaiwili mpya ya aina yake ni matumizi ya haki. Ikiwa ni ya shamba, ya mwendo mdogo, mizigo mizito na klachi inayoteswa kila siku, seti kamili ya vitu vinne ni uamuzi unaoweza kutetewa, mradi dereva akubali kushusha gia mapema zaidi mlimani na kuiacha injini ipande. Pikapu iliyoongezwa nguvu ya kompyuta haina hoja upande wowote mpaka nguvu hiyo irudishwe ilivyokuwa.

Magari madogo ya petroli ya silinda tatu yenye turbo yaachwe kama yalivyotoka kiwandani. Milipuko yao ni mmoja na nusu tu kila mzunguko, na mtetemo wake ndio mgumu kuliko yote kuuzima. Na wenye Volkswagen za DSG wasipoteze muda wao hata kuuliza. Giaboksi hizo zinabadilisha gia zenyewe lakini ndani zina klachi mbili, nazo hupokea nguvu kutoka kwenye flaiwili ya vipande viwili. Pleti ya kawaida ya kuwekea springi haipo, na mtu akisikia mlio kwenye Golf yake ya DSG anunue flaiwili ile ile, mpya, au aliuze gari akiwa amemwambia mnunuzi ukweli.

Kuna gharama moja ambayo haitofautiani kwa uamuzi wowote, nayo ni kushusha giaboksi. Kwa kuwa kazi hiyo hulipiwa mara moja, ni ubahili wa hasara kufunga flaiwili mpya na kurudisha beringi ya klachi ya zamani. Boliti zinazoishika flaiwili kwenye krenki nazo, katika magari mengi, ni za kutumika mara moja. Zikishavutika hazirudi urefu wake, na zinapaswa kukazwa kwa spana ya kipimo. Sili ya mafuta nyuma ya krenki ikaguliwe siku hiyo hiyo, maana tone la oili kwenye pleti mpya linaiharibu ndani ya wiki chache.

Yeyote aliyeamua kubadilisha amwombe fundi jambo moja kabla giaboksi haijarudishwa mahali pake: amwonyeshe pleti, aione kwa macho yake mwenyewe. Ikiwa flaiwili ni ya kipande kimoja na katikati ya pleti hakuna springi, kazi isimame hapo hapo, na pleti irudishwe dukani.